Je, Mwenye Deni Apewe Siri?



Huko Marekani, mtu akiomba kazi inayogusa siri za serikali hupewa fomu iitwayo SF-86, yenye kurasa zaidi ya 100. Huandika humo nyumba alizokaa, waajiri wake, jamaa zake walio nchi za nje, habari za pombe na dawa za kulevya. Akifika sehemu ya 26 anakutana na pesa. Je, katika miaka 7 iliyopita umetangazwa muflisi? Umeacha kulipa kodi? Kamari imekutia katika shida ya fedha? Una deni lililopitiliza siku 120 bila kulipwa? Majibu yake hulinganishwa na taarifa ya mikopo yake, ambayo wachunguzi huitafuta wenyewe. Wakiridhika anapata kibali cha usalama. Wasiporidhika, kazi ile haipati, na kama alikuwa nayo anaweza kuipoteza.

Sisi na siri za Marekani wapi na wapi? Najua ndugu wengine watauliza hivyo, na wana haki. Lakini swali lililojificha ndani ya sehemu ile ya 26 ni letu kabisa, na ni la zamani kuliko Marekani yenyewe: mtu anayedaiwa anaweza kukabidhiwa amana? Wengi wetu tunaosoma jarida hili tunadaiwa. Tunadaiwa na bodi ya mikopo, na mwenye hosteli, na mama wa chapati pale getini, au na simu zetu wenyewe. Na miaka michache ijayo tutakuwa tunaomba kukabidhiwa fedha za watu, wagonjwa wa watu na majalada ya watu.

Tuwasikilize kwanza wao. Kanuni wanazotumia sasa zilianza kufanya kazi Juni 2017. Zina vipengele 13 vilivyopewa herufi kuanzia A hadi M, na kipengele F ndicho cha mambo ya fedha. Sababu zake, ukizikusanya, ni mbili. Ya kwanza: mtu anayetumia kuliko kipato chake na asiyelipa anachodaiwa huenda hana uwezo wa kujizuia, au hapendi kufuata taratibu, na asiyejizuia katika pesa atajizuiaje katika siri? Ya pili: aliyelemewa na madeni yuko karibu zaidi na kishawishi cha kutafuta pesa kwa njia ya haramu.

Kwa sababu ya pili wanayo mifano. Ronald Pelton alifanya kazi miaka 14 katika NSA, shirika linalosikiliza mawasiliano ya nchi nyingine. Mwaka 1979 alifilisika, akaacha kazi. Januari 1980 aliwaendea Warusi katika ubalozi wao mjini Washington, akawauzia yaliyokuwa kichwani mwake, ikiwemo habari ya waya wa mawasiliano chini ya bahari ya Okhotsk ambao Wamarekani walikuwa wakiusikiliza kwa siri. Alilipwa kama dola 35,000 tu. Miaka 5 baadaye Aldrich Ames wa CIA, aliyekuwa amebanwa na madeni wakati ndoa yake ya kwanza inavunjika, aliingia ubalozi huohuo na akapokea dola 50,000 za mwanzo. Watu wapatao 10 waliokuwa wakiwasaidia Wamarekani kwa siri ndani ya Muungano wa Kisovieti waliuawa. Ukisoma habari kama hizi unaelewa kwa nini mchunguzi anataka kuziona bili zako.

Sasa turudi kwetu. Katika Bukhari na Muslim, mama Aisha (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba ndani ya swala yake kukingwa na dhambi na deni. Mtu mmoja akamuuliza kwa nini analikimbia deni mara nyingi namna ile. Jibu lake halikutaja njaa, wala aibu, wala wizi. Maana yake ilikuwa kwamba mtu akidaiwa, anapozungumza husema uongo na anapoahidi huvunja ahadi. Kinachoumia kwanza ni ulimi.

Mwenye kudaiwa anaijua safari hiyo. Simu inaita, unaitazama mpaka inakatika. Unamwambia mwenye duka "Ijumaa", na moyoni unajua kwamba Ijumaa hakuna kitu. Unabadilisha njia ya kwenda darasani ili usipite mbele ya kibanda chake. Nyumbani wakipiga unasema mambo ni mazuri, alhamdulillah, na unalitumia jina la Mola wako kufunika shimo. Hujaiba chochote. Ila umekwisha kuanza kuishi maisha mawili, na mtu wa maisha mawili anaweza kufungwa kamba na mtu wa tatu atakayeyajua yale ya pili.

Kwa maoni yangu hapa hadithi inafika ndani zaidi kuliko zile sababu mbili za kipengele F. Sababu ya kwanza, ya kwamba deni ni dalili ya tabia mbaya, ni dhaifu; maskini wengi wana kujizuia kuliko matajiri, ndiyo maana bado wako hai. Sababu ya pili ina nguvu, lakini inamtazama mtu kama panya mbele ya jibini, kana kwamba kinachopima uaminifu ni ukubwa wa njaa. Hadithi inaonyesha njia yenyewe inavyopitiwa, kutoka deni hadi khiyana: katikati pana uongo mdogomdogo, na mtu huuzoea.

Lakini upo upande ambao mahubiri yetu juu ya deni huupita mbio. Mtume huyuhuyu (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri, chakula cha watu wa nyumbani kwake. Sayyidna Umar (r.a.), alipochomwa kisu na kujua kwamba anaondoka, alimwagiza mwanawe Abdullah ayahesabu madeni yake. Bukhari anapokea kwamba yalifika 86,000 au karibu ya hapo, na akamwelekeza pa kuyatoa: mali ya jamaa zake kwanza, isipotosha ukoo wa Adiyy, isipotosha Makureshi, na asivuke hapo. Kwa kipimo cha "mwenye deni hafai", Amiri wa Waumini asingepewa hata ufunguo wa stoo.

Tazama yanayofanana katika visa hivi viwili. Deni la Mtume (s.a.w.) lilikuwa na rehani, kitu kinachoonekana mkononi mwa mdai. Deni la Umar (r.a.) lilikuwa na hesabu, na lilitajwa mbele ya watu likiwa na njia ya kulipwa. Hakuna lililofichwa. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuliwekea mashahidi.

Nasema kwa insafu: Wamarekani nao hawasimami kwenye neno "anadaiwa" wakafunga jalada. Kipengele F kina mlango wa nyuma. Kama deni lilitokana na jambo lililo nje ya uwezo wa mtu, mfano kupoteza kazi, ugonjwa wa ghafla, kifo, talaka, na yeye akashughulika kwa busara, hilo huhesabiwa kwa faida yake. Kama ametafuta ushauri wa fedha, au ameanza kulipa kwa nia njema hata kidogokidogo, vilevile. Majaji wa Wizara ya Ulinzi wanaosikiliza kesi hizi wameeleza mara nyingi kwamba wao hawakai pale kukusanya madeni ya watu. Hawadai kila senti iwe imelipwa, wanataka mpango unaoeleweka na ushahidi kwamba mtu ameanza kuufuata. Lakini anayedanganya kwenye fomu anatoka kipengele F na kuingia kipengele E, cha mwenendo, na uongo huo wenyewe ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka jela miaka 5. Mtu mwenye deni la dola 20,000 aliloliandika anaweza kupita, na mwenye deni la dola 2,000 alilolificha akakwama.

Wanafunzi wa fiqhi hapa watatabasamu. Wanazuoni wetu walikwisha kuwatenga watu wawili: mu'sir, aliyekwama kweli, na mwenye uwezo anayezungusha watu. Wa kwanza, aya ya 280 ya Baqara inaamuru apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Wa pili, Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wake dhuluma, na katika mapokezi ya Abu Dawud ucheleweshaji huo unahalalisha heshima yake iguswe na aadhibiwe. Anayewachanganya wawili hawa anamdhulumu mmoja wao, na mara nyingi anayedhulumiwa ni yule mnyonge.

Basi kuna kosa gani? Kosa, wanasema baadhi ya watu, ni kwamba mtu ananyimwa kazi kwa dhambi ambayo hajaifanya. Pelton aliuza siri. Huyu dada muuguzi wa jeshi aliyelemewa na mkopo wa chuo hajauza hata karatasi. Kumhukumu kwa historia ya Pelton ni dhana, na dhana tumekatazwa.

Mimi sikubaliani na hoja hii. Kunyimwa amana si adhabu. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Jeshi la Wanamaji dhidi ya Egan (kesi yenyewe haikuhusu deni), iliona kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali, na kwamba penye shaka uzito uelekee upande wa usalama. Maneno hayo yakikuudhi, kumbuka habari ya Abu Dharr (r.a.) katika Sahih Muslim. Aliomba kupewa uongozi. Mtume (s.a.w.) akampiga bega kwa mkono wake, akamfahamisha kwamba yeye ni dhaifu na kwamba jambo lile ni amana. Nani katika Maswahaba alikuwa mkweli kuliko Abu Dharr? Ukweli wake haukuwa na shaka, na bado hakupewa. Wala hakudharauliwa. Anayekabidhi amana anawaangalia wale watakaoumia ikipotea, na wao hawamo chumbani kujitetea. Wale watu 10 wa Ames hawakuulizwa.

Ninapoona dhuluma ni mahali pengine. Ni pale anayelaumu deni anapokuwa ndiye aliyelisababisha. Kuanzia tarehe 22 Desemba 2018 hadi 25 Januari 2019, siku 35, sehemu kubwa ya serikali ya Marekani ilifungwa kwa sababu Rais Donald Trump na wabunge hawakuelewana juu ya fedha za ukuta wa mpaka wa Mexico. Wafanyakazi wapatao 800,000 walikosa mishahara yao kwa wakati, na wengi wao walikuwa wakienda kazini kila siku. Miongoni mwao walikuwemo maofisa wa FBI, na chama chao kilitahadharisha hadharani kwamba ofisa akichelewa kulipa anayodaiwa kwa sababu ya jambo hili, kibali chake kinaweza kuingia matatani. Mishahara ililipwa baadaye, ndiyo. Lakini fikiria hali ile: mwajiri anakunyima ujira, kisha yeye mwenyewe ndiye atakayekuuliza kwa nini una madeni.

Na humo ndani imo riba. Bili ya hospitali inahamia kwenye kadi ya mkopo, kadi inazaa, kilichozaliwa nacho kinazaa. Baada ya miaka 3 mtu anadaiwa kiasi ambacho hakukikopa. Mchunguzi akifungua taarifa ya mikopo anaona namba moja tu. Haoni kipi kilikuwa dawa ya mtoto na kipi ni faida ya benki. Taifa likiruhusu deni liwe biashara kubwa namna hiyo, kisha likawashuku waliomo ndani yake, linawashuku watoto wake wengi mno.

Uislamu ulilitazama deni kama jambo la kuondolewa kabla halijaharibu watu. Katika mafungu 8 ya zaka, aya ya 60 ya Suratut Tawba, mmoja ni wa al-gharimina, waliozama katika madeni. Mwanzoni mwa Madina, maiti mwenye deni lisilo na wa kulilipa Mtume (s.a.w.) hakumswalia mwenyewe, Abu Qatada (r.a.) alipojitwisha dinari 3 za mmoja wao, ndipo akamswalia. Baadaye Allah alipofungua mali, Mtume (s.a.w.) akayachukua juu yake madeni ya waliokufa bila kuacha cha kulipia. Na Abu Ubayd katika Kitab al-Amwal amepokea kwamba Umar bin Abdul Aziz alimwandikia gavana wake wa Iraq alipe kutoka hazina madeni ya waliokopa bila upumbavu wala ufujaji. Masharti yale mawili ya mwisho, ukiyatazama, ndiyo yaleyale ya mlango wa nyuma wa kipengele F. Tofauti ni kwamba kule mlango unamruhusu mtu kupita akiwa na mzigo wake, na huku mzigo unashushwa.

Jambo jingine linalonitia mashaka na kipimo cha deni ni kwamba kinaweza kumpofusha anayekitumia. Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa jeshi aliyekamatwa Septemba 2001, aliitumikia Cuba kwa miaka mingi kwa itikadi. Zaidi ya gharama zake hakulipwa. Fedha zake zisingemwambia mtu chochote. Na sisi tunayo habari ya Hatib bin Abi Balta'a (r.a.), mtu wa Badr, aliyewaandikia Makureshi barua kuwatahadharisha juu ya safari ya kuifungua Makka. Hakuitaka pesa, alikuwa na watu wake Makka wasio na wa kuwalinda. Alipoulizwa alisema kweli, na Mtume (s.a.w.) akawaambia waliokuwepo kwamba amesema kweli, akamzuia Umar aliyetaka kumuua. Pesa ni kamba moja. Jamaa ni kamba, itikadi ni kamba, kinyongo ni kamba.

Ames mwenyewe ni fundisho la ajabu hapa. Baada ya kuanza kuuza siri, madeni yake yaliisha. Kwenye karatasi alikuwa mtu safi zaidi mwaka 1990 kuliko 1985. Alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa pesa taslimu, akaendesha gari aina ya Jaguar, na hakukamatwa mpaka Februari 1994. Leo kipengele F kinauliza pia juu ya utajiri usioelezeka. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiandika mali ya gavana wake siku anayomteua, na akirudi na nyongeza isiyoelezeka, alimchukulia sehemu yake. Kwetu mtu akirudi kazini na gari jipya tunamwita hodari na kumkaribisha mbele kwenye harambee.

Mambo haya hayako mbali tena. Jirani zetu Kenya, kwa miaka mingi waombaji wa kazi za umma wametakiwa kuleta hati ya ofisi ya taarifa za mikopo na hati ya bodi ya mikopo ya wanafunzi kuonyesha kwamba hawana deni sugu. Vijana wengi wakalalamika, kwa haki, kwamba wananyimwa kazi kwa deni ambalo kazi hiyo ndiyo ingelilipa. Hapa Uganda, Katiba katika ibara ya 80 inamzuia muflisi ambaye hajaondolewa hukumu hiyo asiwe mbunge. Na katika jumuiya zetu za Kiislamu vyuoni, kila msimu wa uchaguzi lazima atakuwepo wa kunong'ona kwamba fulani asipewe uweka hazina kwa kuwa anadaiwa.

Mnong'ono huo nauchukia, ingawa shaka yenyewe siichukii. Mgombea wa uweka hazina aulizwe waziwazi na watu wawili watatu wa shura, pembeni: unadaiwa na nani, kiasi gani, kwa sababu gani, na unalipaje? Akijibu, na hesabu ikaeleweka, mimi nitampigia kura, hata kama anadaiwa ada ya muhula mzima. Akikana, kisha ikajulikana anayo mikopo ya simu 4 iliyotokana na kubeti mechi, simpi sanduku la Ijumaa. Na simpi pia yule asiyedaiwa na mtu ambaye hataki kuulizwa.

Lakini hatuwezi kuuliza tu kama SF-86. Tukitaka watu waseme, lazima kusema kuwe na faida. Jumuiya zinazopokea zaka zinaweza kutenga fungu la gharimina kwa mwanafunzi aliyekwama kweli, alipwe mdai wake moja kwa moja. Wapo watakaouliza juu ya aliyekopa kwa ajili ya kamari. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo sahihi zaidi kwa Imam Nawawi ni kwamba aliyekopa kwa maasi hapewi, ila akitubia anapewa. Shida ni kwamba hakuna kijana atakayesimama mbele ya mkutano mkuu kutangaza kwamba alibeti. Kwa hiyo ombi langu kwa uongozi utakaoingia ni dogo: wateuliwe watu wawili wanaojulikana kwa kufunga midomo, kaka mmoja kwa upande wa wanaume na dada mmoja kwa upande wa wanawake, wa kupelekewa habari za madeni, na majina yasiandikwe kwenye taarifa ya mwaka, iandikwe idadi na jumla ya shilingi tu.

Wallahu a'lam.